Mama Skola Aliitika

Ukitaka kucheka, cheka sasa. Mimi niliyaona haya kwa macho yangu, saa nane mchana, hapa hapa Mpanda mjini, wala sikuwa nimelewa.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye maabara ya mradi wa utafiti. Tulichunguza protini zinazokaa ndani ya kiini cha seli ya binadamu. Unachukua nakala ya jeni iliyounganishwa na kipande kinachotoa mwanga wa kijani, unaipakia kwenye kirusi kilichoondolewa makali, nacho kinaibeba kama punda hadi ndani ya seli. Ukitazama kwenye hadubini, kiini kinawaka kijani. Ni kazi nzuri, sikatai.

Seli zenyewe zilitoka kwa Mama Skola, mjane kutoka Mpimbwe aliyekuja hospitalini na uvimbe shingoni. Daktari alipokata kipande cha uvimbe, mimi ndiye niliyeshika chupa.

"Mwanangu, hicho mnakipeleka wapi?"

"Kipimo tu, mama. Tukimaliza tunakichoma."

Nilijua ni uongo. Baadaye akafariki, wakamzika kwao. Seli zake hazikufa, tulizikuza maabara.

Kanuni ni kuandika namba kwenye chupa. Mimi, kwa utani wangu, niliandika jina lake, na kila nikizibadilishia chakula naita, "Mama Skola, umeamkaje?" Nyumbani kwetu Kawajense hata mtoto anajua jina la marehemu haliitwi ovyo, tena kwenye chakula. Nilijua. Ila nilijiona msomi.

Siku hiyo nilikuwa chumba cha hadubini, ambacho lazima kiwe giza ili mwanga uonekane. Nikaweka sahani ya seli chini ya lenzi, nikamsalimu kama kawaida.

"Nimeamka, mwanangu."

Alikuwa amekaa nyuma yangu, kwenye kiti cha mwenzangu, bandeji shingoni. Chini ya ngozi yake nukta za kijani zilikuwa zinawaka, maelfu.

"Nyie mmenizika nusu," alisema. "Nusu nyingine mnailisha hapa. Nikisinzia tu, unaniita. Nichome, kama ulivyoniahidi."

Unadhani nilimjibuje? Nilimwambia avumilie kidogo, picha za seli anazotaka mkuu wangu bado hazijakamilika! Ndiyo, nilimwambia hivyo maiti. Hata leo naona aibu.

Hakufoka. Aliinuka, akanishika kifundo cha mkono, akakibana mpaka nikapiga magoti.

"Basi na wewe hutalala."

Nilipowasha taa, kiti kilikuwa kitupu. Nilichukua chupa zake zote nikazichoma mle mle kwenye tanuri la taka, na kesho yake nikafukuzwa kazi. Nilidhani tumemalizana. Lakini kabla ya kukabidhi funguo nilikwangua ngozi pale aliponishika, nikaitazama kwenye hadubini. Viini vyote vinawaka kijani, na mwilini mwangu hakuna aliyewahi kuweka jeni lolote.

Tangu hapo sijui usingizi. Nimekwenda kaburini kwake mara tatu kuomba msamaha, nimelipia na misa. Hasamehi, na simlaumu.

Wewe unayevaa koti jeupe, mgonjwa akikuuliza nyama yake inakwenda wapi, mwambie ukweli, hata akikataa kuitoa. Mimi nilisema uongo mmoja, na niko nao macho kwa macho mwaka wa pili sasa.