Farasi wa Deolinda Asiyegeuka Kulia

Asubuhi ile Deolinda binti Silvestre alinitupia tandiko miguuni bila hata salamu, nami nikajua msimamizi Hermínio ameshasema lake. Kazi yangu ilikuwa kushona matandiko, shamba kwa shamba, kando ya mto Tejo, huko Ureno. Nalala nilikochelewa, nala nilikokaribishwa.

"Kasema nini?" nikamuuliza.

"Jumapili tukiwapeleka mafahali mjini kwa sikukuu, Pardal akikwama tena, anauzwa. Na mimi nikamenye vitunguu jikoni."

Pardal alikuwa farasi wa kijivu, mwepesi. Kushoto aligeuka kama maji. Umwambie kulia, anakaza shingo kama mlango uliovimba kwa mvua, anatoa bega nje na kwenda anakotaka yeye. Juma lililopita fahali alichomoka upande huo, Pardal akakwama, pembe ikapita ikachana suruali ya Deolinda gotini. Baba yake, mzee Silvestre, alivunjwa nyonga vivyo hivyo juu ya farasi mwingine, na tangu hapo yuko kando ya moto, akimlaani farasi yule.

Nililipindua tandiko mezani. Sufu iliyojazwa ndani, upande wa kushoto, ilikuwa imelala, nyembamba kama mkate uliokaliwa. Ya kulia bado imevimba. Deolinda akaangalia, kisha akaliangua ukutani tandiko kuukuu la baba yake, lililokuwa likingoja sindano yangu siku nyingi. Akaliweka sambamba na lake. Limelala kushoto, vile vile.

"Mzee," akaniambia polepole, "farasi hawa wawili mama yao si mmoja."

"Si mmoja."

"Basi aliyepinda si farasi."

Wachungaji wa kule hushika ufito wao mrefu wenye ncha ya chuma kwa mkono wa kulia, hatamu kushoto. Ufito ni mzito, basi mwili nao huegemea kushoto ili kuusawazisha. Miaka ikipita, farasi naye hujikunja chini ya mtu wake kama mundu. Kuuhamishia mkono wa kushoto? Hilo halifanywi. Hata mwenye shoto hufundishwa kulificha.

Deolinda akamshusha Pardal kwenye tope la mtoni, ufito kushoto, hatamu kulia. Tope halina upendeleo: kwato za nyuma zilikanyaga pembeni mwa alama za mbele, kama watu wawili waliogombana njiani. Akamzungusha kulia, duara pana, kisha dogo, akimbembeleza kwa mguu wa kulia ajikunje ubavuni, halafu akamwachia aende sawa. Akashuka, akachungulia alama. Akapanda tena.

Wenzake ng'ambo wakacheka mpaka kofia zikawadondoka. "Deolinda! Unachunga mafahali au unafagia dari?"

"Nafagia midomo yenu!"

Hermínio alikuja akatazama bila kucheka. "Jumapili nikiuona ufito mkono huo mbele ya watu," akasema, "hata usishuke. Pitiliza na farasi mpaka jikoni."

Kufikia Jumamosi kwato za nyuma zilikuwa zikiingia ndani ya alama za mbele. Lakini ufito ukirudi kulia, shingo ya Pardal nayo ilirudi kuwa mti.

Jumapili nilisimama ukutani, penye kona ya daraja. Mafahali walikuja katikati ya maksai wenye kengele wanaowaongoza, Hermínio mbele, Deolinda ubavu wa kulia, ufito mkono wa kulia kama alivyoamriwa. Uso umemkauka. Wahuni wakarusha fataki. Fahali mmoja mweusi akageuka, akachomoka kulia, kuelekea uchochoro uliojaa watu na meza za mvinyo.

Deolinda akavuta. Pardal akakaza shingo. Nililiona bega lile likitoka nje, nikafumba jicho moja.

Hapo akaurusha ufito juu ya shingo ya farasi, ukadakwa na mkono wa kushoto. Mgongo ukanyooka, makalio yote mawili yakakaa. Pardal akalegeza taya, akatafuna lijamu, akajikunja kuuzunguka mguu wa kulia wa Deolinda, kisha akanyooka kama uzi uliovutwa. Akamfikia fahali begani, penye meza zenyewe. Ncha ikamgusa. Fahali akarudi kwenye kengele za maksai.

Zizini Hermínio akamsogelea.

"Mkono gani ule?"

"Wa kushoto."

Akatema mate, akamtazama Pardal akipumua. "Kesho ukae ubavu ule ule."

"Na ufito?"

"Ushike hata kwa meno."

Nilimpelekea mzee Silvestre habari, na tandiko lake pia. Alilipindua magotini, akaipapasa sufu iliyolala, huku na huku, mpaka supu yake ikapoa.

"Kumbe yule farasi..." akasema, asimalize. Yule farasi, mzee alimuuza kwa wachinjaji, siku ile ile yeye mwenyewe alipoletwa nyumbani kwa machela.