Pua Langoni

Sijui kuingiza gari uani kinyumenyume. Basi, nimelisema. Kwa miaka yote niliyokuwa na gari nililikana jambo hili mbele ya mama yangu, mbele ya majirani, na mbele ya polisi mmoja wa barabarani pale Kavimvira aliyeniuliza kwa upole kama ninaumwa shingo. Nilimjibu ndiyo, shingo.

Kutoka kinyumenyume naweza, kwa namna maji yanavyoweza kutoka kwenye ndoo iliyopinduliwa: barabara ni pana, na watu hunikimbia. Lakini kuingia kwa nyuma, kulenga lango jembamba kwa kitu nisichokiona, huko akili yangu hugoma. Tena gari langu lilipitia bandari ya Dar es Salaam, usukani uko kuume, na sisi Kongo tunaendesha upande huohuo wa kuume. Kwa hiyo nakaa juu ya mtaro kama mwangalizi wa maji machafu.

Uongo wangu, hata hivyo, ulikuwa umesoma chuo kikuu. Sikusema "sijui", nilisema "sipendi". Nilieleza kwamba mtu anaporudi nyumbani jioni amechoka, na asubuhi amepumzika, hivyo kazi ngumu ya kugeuza iachiwe asubuhi. Niliwahi kuitetea hoja hiyo kwenye harusi mpaka wali ukapoa.

Uvira haina mteja wa hoja hiyo. Hapa mtu akifika kwake, hata kama amebanwa na haja, hugeuza kwanza. Gari hulala pua ikielekea langoni. Malori ya mchele kutoka Bwegera hulala hivyo, teksi hulala hivyo, na Jumapili kanisani magari yote yanamwelekezea padri makalio. Hakuna anayefundisha wala anayeeleza. Ukiegesha pua ukutani, mpita njia atakuuliza: "Weye, umehamia huku?"

Mama yangu, ninayeishi naye, hakuwa anauliza kwa mzaha.

"Umeweka gari namna gani?"

"Iko sawa, mama."

"Iko sawa ya nini? Iko inaangalia ukuta. Tukikimbia, tutapita mu ukuta?"

"Hatukimbii leo, mama."

"Hata siku ile hatukuwa tunakimbia. Tulikuwa tunapika."

Siku ile nilikuwepo. Nilikuwa mwanafunzi, nimekuja likizo. Risasi zilipoanza, gari la baba lilikuwa limeangalia ukuta wa jikoni. Baba alijaribu kulitoa kinyumenyume, lakini barabara ilikuwa imejaa watu na magodoro, na hakuna aliyesimama kumpisha. Alipiga honi, akaomba, akatukana, yeye ambaye hakuwa mtu wa matusi. Mwishowe tuliliacha na kwenda mpakani kwa miguu, mama amebeba sufuria ya maharage iliyokuwa bado ya moto. Tuliporudi, gari halikuwepo. Ukuta ulikuwepo.

Unaweza kudhani binti aliyeyaona hayo angekuwa wa kwanza kujifunza. Binti huyo alikwenda kusoma sosholojia.

Kisha ikaja alasiri moja ya mwaka huu. Mvua ilinyesha milimani, sisi huku chini tuna jua, na mara ule ukelele ukapita nyumba kwa nyumba: "Maji! Maji!" Majirani waliwasha magari na kuondoka kuelekea sehemu za juu, pua mbele, kama watu waliokuwa wakisubiri taa tu. Mimi nilimpandisha mama na kuanza ustadi wangu wa ndoo. Ila safari hii watu hawakunikimbia, walikuwa na mambo yao. Nilisita, nikakata usukani vibaya, nikajibana kwenye nguzo ya lango, gari likakaa mshazari kama mfupa kooni.

Mama hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alitoa rozari. Maji yalifika nusu ya magurudumu, yakatuletea kandambili za watu na beseni la buluu, yakazunguka kidogo, kisha yakapungua. Hatukudhurika. Mlango wa upande wake ulikuwa umezibwa na nguzo, kwa hiyo akatokea kwangu, juu ya mapaja yangu, bila kuniangalia. Alipofika barazani alimpigia simu mdogo wangu wa Luberizi, anayeendesha lori la mchele.

"Kuya unichukue. Huyu dada yako ataniulia mu ukuta."

Mdogo wangu alikuja kesho yake, majirani wakiwa wameshalinasua gari langu langoni. Aliingiza lile lori kwa nyuma kupitia lango langu, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshika muhogo wa kuchoma. Mama alipanda na mto wake na sanamu yake ya Bikira Maria.

"Nitarudi siku hii gari itaangalia barabara," alisema.

Nyumba ilibaki kimya, ukimya wa kuudhi. Niliegesha nilivyotaka na hakuna aliyenigombeza. Baada ya wiki chache nilikwenda kwa jirani yangu, muuza vitenge, nikamwomba aniongoze.

Watu wa Uvira hawawezi kuona gari linarudi nyuma wakanyamaza. Fundi cherehani aliacha kushona. Mama muuza ndagala aliacha kufukuza nzi kwenye visamaki vyake.

"Kata kuume!"

"Kuume ya nani?"

"Ya gari! Hapana, hiyo ni kushoto!"

"Kuya, kuya," jirani aliimba nyuma yangu, akipunga mkono kama anaita kuku. "Kuya, kuya, kuya, kuya..."

Bam.

"Inatosha," akasema.

"Jirani, mbona hukusema kabla?"

"Madame profesere, nilifikiri uko unaona. Si weye ndiye umesoma?"

Hivyo ndivyo nilivyojifunza, kwa wiki nyingi, kwa gharama ya nguzo, kioo cha pembeni, na heshima yote niliyoileta kutoka chuoni. Jumamosi iliyopita gari liliingia. Liliingia kwa mshazari, taa moja ya nyuma ikapasukia ukutani, lakini pua ilitazama barabara na niliiona kwa macho yangu, barabara nzima, mbele yangu, wazi.

"Imeingia!" jirani alipaza sauti. "Imeingia kama mulevi, lakini imeingia!"

Fundi cherehani alipiga makofi. Nilibaki nimekaa. Sikuwa nimezima hata injini, simu ikaita. Alikuwa mama.

"Nasikia umeingia na mgongo."

"Nani amekuambia?"

"Wewe unafikiri Uvira iko na siri? Taa imevunjika?"

"Moja, mama."

"Moja si kitu. Inabakia ingine."

Nyuma yake nilisikia kuku, na mdogo wangu akicheka.

"Mama, utarudi?"

"Kuya kesho unichukue. Lakini ukifika huku, geuza kwanza. Salamu zitangoja."