Chumba Ambacho Baba Haingii

Naomba mnisamehe kabla hamjaanza kusoma. Mwandiko wangu umelala upande mmoja kama migomba iliyopigwa na upepo, na naandika polepole. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo mkono wangu umezoea kuchuma chai kuliko kushika kalamu. Mahali nilipokosea herufi, someni kile mnachoona nilitaka kusema. Kuongea mbele za watu siwezi. Hata kanisani nikipewa tangazo la vijana nilisome, nampa mwingine. Ndiyo maana nimeona afadhali niandike.

Nataka kueleza habari za vitabu vya wifi yangu, na woga ambao viliniachia.

Wifi ni mke wa kaka yangu. Kaka anafanya kazi kwenye kiwanda cha chai na analala huko huko, anakuja nyumbani mwisho wa mwezi. Kwa hiyo mimi nakaa na wifi katika nyumba yao hapa Lufingo, ng'ambo ya migomba ya baba. Wifi alifika kidato cha nne. Anapenda sana hadithi, na vitabu anavinunua sokoni Tukuyu kwa mama mmoja anayeuza mashuka ya mtumba, maana huwa vinakuja vimechanganyika humo kwenye marobota. Vingi ni vya Kiingereza. Anavyovipenda zaidi ni vile vya wanawake wa Ulaya walioishi wakati Wanazi wanatawala. Niliwahi kumuuliza kwa nini asisome vya mapenzi kama wenzake.

"Hivi navyo ni vya mapenzi," alisema. "Kaa usikilize."

Mimi Kiingereza sijui. Alikuwa anasoma ukurasa kimya, kisha ananisimulia kwa Kiswahili huku tunachambua maharage. Na msikilizaji sikuwa mimi peke yangu. Jirani yetu, bibi mmoja mjane, alikuwa anakuja na kigoda chake mwenyewe. Kiswahili chake kimejaa Kinyakyusa, lakini hadithi alikuwa anaifuata kuliko mimi. Alikuwa anavuta ugoro, na kila akivuta alipiga chafya mbili, ya kwanza kubwa, ya pili ndogo kama ya paka. Mtaa mzima tulikuwa tunajua yuko wapi kwa chafya zake.

Kitabu cha mwisho kilihusu mwanamke mfuaji. Alikuwa anafua mashuka ya watu na sare za askari, na juu ya dari, pale alipoanika nguo wakati wa baridi, alikuwa amemficha jirani yake mshonaji.

"Huyo mshonaji kaiba nini?" bibi aliuliza.

"Hakuiba, bibi. Ni Myahudi."

"Hilo ndilo kosa?"

"Kwao hao watawala ndilo."

Bibi akasukuma maharage mabovu pembeni ya ungo. "Na majirani wanasemaje?"

"Majirani ndio wanaoonyesha nyumba," wifi alisema.

Hapo ndipo woga uliponiingia. Askari sikuwaogopa sana, kwa kuwa sijawahi kuona askari wa namna hiyo. Nilimwogopa mama aliyekaa nyumba ya mbele ya mfuaji, aliyeona kwamba mwanamke anayeishi peke yake ananunua viazi vya watu wawili. Huyo nilimwona kabisa, hata sauti yake niliisikia. Nikaanza kutazama mambo ambayo sikuwa nayatazama, kama nani anapita nyuma ya nyumba yetu, nani anauliza tumepika nini.

Bibi yeye alimlaumu mfuaji. "Mjinga huyo. Dari! Mtu akitafuta mtu si anaanza kuangalia juu?"

"Sasa angemficha wapi?" niliuliza.

"Kwani huko hawana wakwe? Mimi ningekaa chumbani kwa mkamwana. Baba mkwe aje na jeshi lake lote, ataishia mlangoni."

Tulicheka sana. Kwetu mkamwana, yaani mke wa mwana, na baba mkwe hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mwanamke anaingia pembeni kwenye majani mpaka mzee apite. Vijana wa mjini wameacha, lakini baba yangu hajaacha. Hajawahi kukanyaga ndani ya nyumba ya kaka. Akiwa na neno kwa wifi, ananiambia mimi, nami namwambia wifi, hata kama wote wawili wanasikiana.

Mwezi huo huo mtoto wa nyumba ya bondeni aliumwa kidogo akafariki. Mama yake alilia mpaka sauti ikakauka, na mimi nililia naye. Lakini msibani watu walianza kunong'ona kwamba bibi alionekana anapita pale jioni akiongea peke yake. Bibi huwa anaongea peke yake siku zote. Kesho yake bati lake lilipigwa mawe. Vijana wakasema ataletwa mtaalamu wa kumtoa uchawi, na asipokubali watajua la kumfanya.

Siku ya gulio, wakati watu wengi wako sokoni, bibi alitokea kwenye migomba yetu, peku, kigoda mkononi.

"Nimekuja kusikiliza hadithi," alisema.

Wifi alimtazama, akapokea kigoda, akaenda kukiweka chumbani kwake nyuma ya pazia. "Leo tunasomea ndani, bibi," alisema.

Siku zilizofuata sikulala usingizi wa maana. Wifi alimpigia simu kaka, kaka akasema tusubiri apate ruhusa. Akampigia mtendaji wa kijiji, akaambiwa watu watatumwa. Tukawa tunasubiri. Mimi nilikuwa naosha sahani mbili nje, mahali watu wanaona, na ya tatu naioshea ndani, kwenye ndoo. Hilo nilijifunza kwa mfuaji. Shambani kwenye chai nilichuma kama kawaida, na wanawake walikuwa wanasema mchawi kakimbia, wengine wanasema hapana, kuna mtu kamficha, na huyo naye atakiona. Mimi sikusema kitu, na hakuna aliyeshangaa, maana sisemi kitu hata siku za kawaida. Lakini akili haikuwa shambani, nikawa nachuma na majani magumu, msimamizi akanigombeza.

Bibi naye hakutulia. Wifi alikuwa amemnyang'anya ugoro.

"Mnanificha au mmenifunga?" alinong'ona.

"Bibi, ukipiga chafya tumekwisha."

"Nitapiga ndogo tu, ile ya pili."

Mchana mmoja mvua ikinyesha, niliwaona wanapanda kilima. Walikuwa vijana wengi, wamejifunika mifuko ya mbolea, wengine wameshika fimbo. Mbele yao alikuwa baba yangu.

Baba ni balozi, kiongozi wa nyumba kumi za mtaa wetu. Sikujua kama anawaongoza ama anawafuata ili wasivunje milango ya watu. Nilijua tu kwamba kwenye kitabu anayekuja mbele ni yule anayefahamu nyumba zote. Nilikuwa nimekaa barazani na ungo wa maharage.

Baba alifika chini ya mchirizi wa bati, akageuza mgongo kwa heshima, akawa anaongea huku anatazama mvua.

"Muulize mwenzako kama amemwona yule mama."

Niliinuka, nikasogea kwenye pazia. "Wifi, baba anauliza kama umemwona bibi."

"Mwambie baba naumwa. Tangu siku ya gulio sijatoka nje."

"Anasema anaumwa, hajatoka nje," nilimwambia baba.

"Na wewe je?" aliuliza kijana mmoja mwenye koti jekundu. "Wewe si unatoka kila siku?"

Wote wakanitazama. Mfuaji, askari walipomuuliza, aliendelea kupiga pasi. Mimi nilirudi kwenye maharage, nikawa natoa mawe hata pasipo na mawe.

"Mimi nachuma chai," nilisema.

Wakacheka. "Huyu naye! Hata ukimkanyaga hasemi."

Hapo hapo ikasikika chafya kubwa kutoka chumbani. Halafu ndogo, kama ya paka.

Mvua ilikuwa inapiga bati, lakini nadhani kila mtu alisikia. Baba alikuwa anazifahamu chafya hizo tangu akiwa mtoto. Mgongo wake haukusogea.

"Nani huyo?" aliuliza yule wa koti jekundu.

"Wifi," nilisema. Sauti ilitoka yenyewe. "Ana mafua."

"Ngoja niingie nione."

"Uingie wapi?" baba aliuliza, bado anatazama mvua.

"Humo ndani, mzee. Mkwe ni wako, si wangu."

"Mke wa mwanangu yuko kitandani. Mimi nimesimama hapa nimempa mgongo. Halafu wewe unipite ukamfunue shuka? Nikimdai baba yako ng'ombe wa fidia, atanipa?"

"Ng'ombe atoe wapi," mwenzake alidakia, "wakati hata kuku wao wanalala kwa jirani!"

Wakacheka tena, na safari hii aliyechekwa ni yule wa koti jekundu. Akarudi nyuma, lakini macho aliyaacha kwenye pazia.

Baba akaniambia, "Mwambie mwenzako pole kwa mafua."

"Wifi, baba anasema pole."

"Mwambie baba nimeshapoa."

Wakaondoka. Nilikaa na ule ungo mpaka wifi alipokuja kuuchukua mikononi mwangu.

Kesho yake baba alisimama kwenye mpaka wa migomba, akaniita. Alisema kuna lori la ndizi litapita asubuhi kwenda Mbeya, dereva anamfahamu. "Mwambie mwenzako, kama ana mtu wa kusafiri, amfunike vizuri. Juu kuna baridi." Kisha akaenda kukata majani ya ng'ombe.

Basi baba alikuwa anajua. Ningepaswa kufurahi, lakini nilizidi kuogopa, kwa sababu ya kitabu. Katika kitabu kuna mtu wa kuuza makaa, mpole, aliyemwambia mfuaji kwamba ana mkokoteni na atamtoa mshonaji mjini. Mkokoteni ulikwenda moja kwa moja kwa askari.

Wifi alikaa kitandani na bibi, akanitazama. "Baba yako ni mtu wa namna gani?" aliniuliza. "Nimempikia miaka yote hii, nimemzalia mjukuu tukamzika, na sura yake siijui vizuri. Wewe ni binti yake. Niambie."

Nilifikiri juu ya baba anayesali kabla ya kula, na baba aliyekuja mbele ya watu wenye fimbo, nikawa siwezi kuwaunganisha wakawa mtu mmoja.

Bibi ndiye aliyesema. "Mimi namjua. Nimembeba mgongoni huyo. Yule wa makaa, mfuaji alimjua tangu utotoni?"

"Hapana, bibi," wifi alisema. "Walikutana tu."

"Basi nitapanda."

Asubuhi kulikuwa na ukungu wa kufunika hata mikono yako. Tulimpitisha kwenye migomba hadi barabarani. Baba alikuwa amesimama kando ya lori na mwavuli, amegeuza mgongo kwa ajili ya wifi. Bibi alipanda katikati ya mikungu, dereva akamfunika turubai. Alitoa mkono nje akasema, "Ndaga," asante yetu ya Kinyakyusa. Sijui alimwambia nani kati yetu watatu. Lori likaingia kwenye ukungu, na sauti yake ikaendelea kusikika muda mrefu kwenye kona.

Tukiwa tunarudi, wifi alinishika mkono. "Nilimdanganya bibi," alisema. "Yule wa makaa na mfuaji walikua pamoja. Walicheza pamoja tangu watoto. Ndivyo ilivyoandikwa."

Siku hiyo sikwenda kwenye chai. Sikula. Kila nikimwona baba ng'ombeni namtazama mikono, sijui nilitegemea kuona nini. Simu ya wifi tuliiweka juu ya meza tukawa tunaiangalia. Ililia jua likikaribia kuzama. Alikuwa binti wa bibi, anayeishi mbali, kupita Mbeya. Mama yake amefika. Nyuma yake tulisikia chafya mbili, halafu bibi mwenyewe akaichukua simu.

"Mfuaji kafikia wapi?" aliuliza.

Wifi akaanza kulia.

Hatujaendelea kusoma. Kitabu kiko chini ya godoro, na kigoda cha bibi kiko pale pale nyuma ya pazia. Watu wa mtendaji walikuja baadaye, wakafanya mkutano, wakatuonya wote, wakaondoka. Yule wa koti jekundu ananisalimia njiani kwa adabu, ananiuliza habari za mafua ya wifi. Sijui kama ni utani. Mama wa mtoto aliyefariki alikuja kuomba chumvi, nikampa huku nimesimama katikati ya mlango. Baba ananituma kwa wifi kama zamani, na hajawahi kusema neno lolote juu ya siku ile. Bibi anataka kurudi kwenye migomba yake msimu ujao.

Wifi anasema hadithi za namna hii anazozijua zote zinaishia pale askari wanapoondoka. Hakuna inayoeleza mfuaji aliishije na yule mama wa nyumba ya mbele, aliyehesabu viazi vyake. Walisalimiana? Alimwazima chumvi? Mlango alikuwa anaufunga mchana?

Ninyi mliosoma vitabu vingi, au mliowahi kumficha mtu mkabaki kuishi na majirani wale wale, naomba mniandikie. Andikeni hata kwa kifupi, kwa herufi kubwa ili nisome mwenyewe. Nataka kujua kabla bibi hajarudi.