Siku Trekta Lilipoingia Shambani kwa Leonia

Leonia wa Kasense alikuwa na dharau ya kutosha mkoa mzima, na hakumnyima mtu fungu lake. Alizidharau ndoo za plastiki zilizojaa sokoni Sumbawanga tangu biashara iachiwe huria, kwa kuwa zilipasuka kabla mtu hajazizoea. Alividharau vitenge vipya vilivyochuja kwenye maji ya kwanza. Wanunuzi wa mahindi waliokuja na malori na debe walilolitanua kwa nyundo, kisha wakamwita mama yetu, aliwadharau mpaka kwenye viatu vyao. Ushirika wa zamani nao hakuusamehe, maana ulibeba magunia na kuacha ahadi. Na jirani yake Josefina aliponunua redio, akaja kumsimulia kwamba kutakuwa na mvua Dar es Salaam, Leonia alimuuliza mvua ya Dar es Salaam itaotesha nini hapa Kasense.

Kitu kimoja tu hakukidharau, nacho ni shamba lake la ekari mbili, lililoanzia nyuma ya jiko likateremka mpaka karibu na bonde. Tangu mumewe Felisiani afariki alililima peke yake, na alililima kwa ntumba kama Wafipa walivyolima siku zote. Mvua zikielekea ukingoni, wenzake wakiwa wanapalilia, yeye alikuwa anakata nyasi pamoja na udongo wake, anazirundika, anazifukia, anatengeneza tuta la mviringo linalomfikia gotini. Kisha tuta la pili, na la tatu, mpaka shamba lote linajaa. Ndani ya tuta nyasi zinaoza taratibu kiangazi chote. Mvua mpya zikija anayabomoa, anautawanya ule weusi uliooza, anapanda mahindi. Mbolea ya chumvichumvi hakuijua na hakuitaka. Serikali ilipoondoa ruzuku na mbolea ikapanda bei, waliokuwa wameizoea walilia. Leonia aliwaangalia wakilia, akaona wameyataka wenyewe.

Mwaka ule wa tisini na tano mgongo ulimsumbua. Kazi iliyokuwa inamchukua mwezi mmoja ilimchukua karibu miwili, na kuna siku alimaliza matuta manne tu akarudi nyumbani ameshika kiuno. Lakini alimaliza. Ntumba zikioza vizuri, angekula mwaka mzima bila kubisha hodi kwa mtu. Zisipooza, angeishi kwa unga wa dukani au kwa huruma ya mwanawe, na hizo mbili kwake zilikuwa aina mbili za kufa mapema.

Mwanawe huyo, Raymond, ndiye mtoto pekee Mungu aliyemjalia. Alimaliza kidato cha nne, akafungua duka la spea za baiskeli Kizwite, na msimu wa mavuno alinunua mahindi na kuyapeleka Mbeya. Alivaa viatu vya moka hata kwenye tope. Rafiki zake wote aliwaita mshikaji, hata wenye mvi. Leonia alikuwa akimdharau kidogo kwa hayo, na wakati huohuo hakuna jumuiya ya kanisani aliyoketi bila kumtaja.

Mwezi wa nne dada yake Leonia alifiwa na mume huko Kate, naye akaenda msibani siku kumi. Alirudi na lori la magunia, akateremka barabarani na kapu lake. Kabla hajafika nyumbani aliona watu wengi wamesimama kando ya shamba lake, wanawake wengine wamebeba watoto, kana kwamba kuna harusi. Akasikia ngurumo. Kisha akaliona lenyewe, trekta jekundu lililochakaa, linapanda kutoka bondeni, na nyuma yake ardhi imelala tambarare, nyekundu na mbichi. Hapakuwa na tuta hata moja. Nyasi alizozifukia kwa miezi miwili zilikuwa zimefumuliwa, zimetapakaa juu, nusu zimeoza na nusu bado kijani.

Josefina alimweleza baadaye kwamba dereva, kijana mmoja mgeni aitwaye Enock, alisita alipoyaona yale matuta akauliza kama ni makaburi. Raymond akamwambia si makaburi, ni kilimo cha wazee tu, apite.

Raymond alimwona mama yake, akaja mbio na moka zake zimejaa udongo.

"Shikamoo mama. Nimekulimia," alisema. "Hutainama tena."

Leonia alitazama kule, akatazama watu. Wote walikuwa wanamtazama yeye, maana Kasense nzima hakuna mjane aliyewahi kuletewa trekta na mwanawe. Mtu akipewa zawadi mbele ya watu kuna jinsi ya kuipokea, na Leonia alilelewa vizuri. Akaweka kapu chini. Akakunja magoti, akakutanisha viganja, akapiga makofi yale ya taratibu ya kushukuru, mara tatu, kisha tatu tena. Wanawake wakapiga vigelegele. Kila kofi alilolipiga alilichukia, na aliwachukia wote waliokuwa wanafurahi, kuanzia na Josefina.

Siku ile alipaswa kusema, na hakusema. Jumapili baada ya misa watu walimpongeza mlangoni pa kanisa, naye akajibu tunashukuru, tunashukuru, huku akiwaza kwamba mbele ya bati linalong'aa watu hawa wangepiga makofi hata kama limemwangukia mtu. Wafipa wazima, watu waliozaliwa juu ya ntumba, wameona chuma kinanguruma wakasahau walichokula tangu utotoni. Angeweza angalau kurudishia baadhi ya matuta, udongo ulikuwa bado na unyevu. Lakini angeonekanaje, mwanawe amemlimia kwa trekta halafu yeye anatoka na jembe kufukia nyasi nyuma yake? Akakaa ndani.

Jua la mwezi wa tano likazikausha nyasi zile zikawa nyepesi. Nyanda, Msukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake, alikuja kuomba mifugo ipite humo, na Leonia akamruhusu, kwa nini asimruhusu. Ng'ombe walisafisha shamba kwa siku mbili. Nyanda akarudi kushukuru kwa malisho, kwa adabu sana, ameshika kofia mkononi, na Leonia alimdharau kwa shukrani ile kuliko alivyowahi kumdharau kwa ng'ombe wake kukanyaga mboga.

Raymond aliahidi mbolea. Alisema trekta na mbolea ndivyo vinavyokwenda pamoja, kwamba kilimo cha kisasa ni mpango. Mpango ulifika mwezi wa kumi na mbili, mahindi yameshaota, ukiwa nusu mfuko uliolowa maji njiani ukagandamana. Mbolea imekuwa ghali, aliagiza mtu aseme. Leonia aliivunja kwa mchi, akaitia kwenye mistari miwili ya mwanzo karibu na njia, basi ikaishia hapo. Mistari ile miwili ilisimama kijani kibichi. Nyuma yake mahindi yalifika kifuani yakageuka njano, yakatoa vigunzi vyenye punje za kuhesabika. Mpita njia asiyeingia ndani angedhani shamba ni zuri. Leonia aliona hiyo ndiyo kazi yote ya mambo ya kisasa, kupendeza upande wa barabarani. Kwa Josefina, pale ng'ambo ya njia, penye ntumba na redio, mahindi yalimfunika mtu.

Mwezi wa sita Raymond alikuja na lori la rafiki yake na magunia matupu arobaini. Aliingia shambani akipiga mluzi. Alipotoka mluzi ulikuwa umekwisha, na mkononi alikuwa na kigunzi kimoja.

"Mama, nini kimetokea?"

Hapo Leonia alifungulia. Alimwambia habari za trekta lake na dereva wake asiyejua kaburi wala tuta, za nusu mfuko wake wa mawe, za moka zake. Alimwambia kwamba alizikuta nyasi zake za miezi miwili zimeanikwa kama nguo, na kwamba mjinga wa kuzaliwa ana nafuu, kwa kuwa hakulipiwa ada. Maneno ya mwaka mzima aliyamaliza pale jikoni, amesimama, na sauti haikupanda.

Raymond alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, ameinamisha kichwa.

"Nikiwa mdogo nikikufuata shambani ulikuwa unaninyang'anya jembe," alisema. "Uliniambia jembe ni la mtu aliyekosa akili. Ulinifukuza nikasome. Mimi nilidhani nakuondoa kwenye aibu."

Nje mwenye lori alipiga honi, Raymond akatoka kumwambia aondoke tu, hakuna mzigo. Alirudi, akavua moka zake mlangoni, akakaa tena.

"Basi nifundishe," alisema. "Mvua zikifika mwisho nitakuja tulime wote hizo ntumba. Nyasi zinalazwaje? Mizizi inakaa chini au juu?"

Mwanamume wa miaka thelathini na mbili, Mfipa baba na mama, amezaliwa nyumba hii, na hajui mizizi inakaa wapi. Mtoto yeyote wa Josefina angemjibu huku anatafuna muwa. Leonia alivuta pumzi amwambie neno la kumkausha, na maneno ya namna hiyo hayakuwahi kumpungukia. Alilitafuta, akalipata, akaona halimfai Raymond hata kidogo. Kijana huyu alifundishwa kila alichofundishwa na mtu mmoja, na mtu huyo alijitahidi sana miaka yote kijana asilijue jembe.

"Juu," alisema. Akageuza kiganja chake kumwonyesha jinsi nyasi zinavyolazwa.