Mama Pindo, fundi wa sare aliyeandika riwaya kwa kidole kimoja

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, fundi anafungua mlango wa bati wa chumba chake cha kazi, anaufunga kwa kamba upepo usiupigepige, kisha anakaa kwenye kiti cha cherehani bila kuigusa cherehani. Anavaa miwani. Anatoa simu kwenye mfuko wa aproni, anaiegemeza kwenye kopo la vifungo, na kwa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto anaanza kuandika.

Herufi moja. Nyingine. Ya tatu. Anasita, ananung'unika, anafuta neno zima. Nje wanafunzi wanapita kuelekea shuleni, na baadhi yao wamevaa sketi alizozikata mwenyewe.

"Naandika mpaka mteja wa kwanza atokee," anasema bila kuinua macho. "Akija na zipu iliyokufa, na hadithi inakufa hapo hapo mpaka kesho. Zipu haina subira."

Ana miaka hamsini na minane. Mtaani wanamwita Mama Pindo, kwa sababu sketi ikitoka mikononi mwake, pindo lake halifumuki mpaka mtoto amalize shule. Ameshona sare kwa miaka thelathini na mitatu. Shule zinapokaribia kufunguliwa hushona hadi nguo mia mbili kwa mwezi. Miezi mingine ni viraka, zipu, na kupanua suruali za wanaume walionenepa na hawataki kukiri.

Wasomaji wa blogu yake, ambao sasa hufika elfu nne kwa wiki, wengi wao hawazijui sketi hizo. Wanamjua kwa riwaya moja ya sura arobaini na sita, aliyoiandika yote kwenye simu, na ambayo mwaka jana ilitoka kama kitabu.

Mama Pindo aliishia darasa la saba. Si kwamba kichwa kilikuwa kizito. Mama yao aliugua, mmoja akatakiwa kubaki nyumbani, na yeye ndiye aliyekuwa mkubwa. Shangazi yake akamfundisha kushona.

Shangazi huyo alikuwa akitumia magazeti ya zamani kutengeneza vielelezo vya kukatia nguo. Binti alipewa kazi ya kuyakata, na kila karatasi aliisoma kwanza.

"Nimesoma hadithi nyingi zisizo na mwisho," anasema. "Mwisho ulikuwa kwenye gazeti la wiki nyingine, na gazeti hilo hatukuwa nalo. Basi nikawa namalizia mwenyewe kichwani. Shangazi alikuwa akinipiga kofi la bega: kata, mtoto, usiote."

Aliota hivyo kimyakimya kwa miaka mingi. Hakuandika hata mstari. Kalamu yake ilikuwa ya kuandikia vipimo vya viuno vya watu.

Kilichobadili mambo ni ngazi yenye maji. Miaka mitano iliyopita, akiwa na hamsini na mitatu, aliteleza nyumbani kwake na kuvunjika kifundo cha mkono wa kulia. Akafungwa plasta ngumu kwa wiki kumi, na cherehani ikafunikwa shuka.

Bintiye, ambaye ni muuguzi, anakumbuka wiki hizo kwa kucheka. Anasema mama yake asipokuwa na kazi anaitia homa nyumba nzima. Alikuwa akikosoa jinsi wanavyodeki, wanavyokunja nguo, hata wanavyopiga chafya. Jumapili moja mchana binti akachoka, akachukua simu ya mama yake, akamfungulia blogu na kumwambia: "Haya, mama. Yote uliyo nayo, yamwage humu."

Akayamwaga kwa kidole cha mkono mzima, wa kushoto, na tangu siku hiyo hajaweza kuandika kwa kingine. Mumewe, mlinzi wa ghala, alipoona mkewe anaibonyeza simu asubuhi na jioni huku akitabasamu, alidhani kuna mwanaume. Akasomewa kurasa mbili. Akasema afadhali ingekuwa mwanaume, maana huyo angefukuzika.

Habari ya kwanza ilihusu bibi harusi aliyekuja kupunguziwa gauni mara tatu kwa wiki moja. Ilipata wasomaji kumi na mmoja. "Saba walikuwa ndugu," anasema Mama Pindo, "na wawili nilikuwa mimi mwenyewe, naangalia kama imetokea."

Plasta ilipotolewa alirudi kwenye cherehani, lakini hakuiacha blogu. Mwaka uliofuata akaanza riwaya. Ilikuwa ya mwanamke anayemlea mtoto wa rafiki yake, akamzoea, kisha siku moja rafiki akarudi kumchukua.

Wasomaji waliipenda tangu sura ya nne. Wasichojua ni kwamba haikuwa ya kubuni sana.

Mama Pindo ana mdogo wake wa kike, aliyezaliwa miaka saba baada yake, ambaye leo ni mpishi wa shule ya bweni katika mji mwingine. Akiwa na miaka kumi na tisa mdogo huyo alizaa, baba wa mtoto akaingia mitini. Akapata kazi mbali, na mtoto wa miezi mitano akamwachia dada yake. Alirudi kumchukua baada ya miaka sita.

Kwa miaka hiyo sita mtoto alimwita Mama Pindo mama. Kisha akafundishwa kumwita mama mkubwa.

"Siku aliponiita hivyo kwa mara ya kwanza, alikuwa sahihi kabisa," anasema fundi, na sauti yake haibadiliki. "Ndivyo nilivyo, mama yake mkubwa. Nikaitika. Halafu nikaenda msalani, nikakaa huko mpaka walipoanza kunitafuta."

Katika riwaya aligeuza mengi. Ndugu aliwafanya marafiki, mtoto wa kiume akawa wa kike. Lakini sura ya ishirini na tisa ilirudi nyuma, siku ya kuachwa kwa mtoto: mama anamweka mtoto mikononi mwa mlezi, anaondoka, na wala hageuki kumtazama. Mtoto amevaa sweta la njano lenye vifungo vyeupe, isipokuwa kimoja cha bluu.

Asubuhi ya pili baada ya sura hiyo kutoka, simu iliita. Mama Pindo alikuwa na mteja, pini nne mdomoni. Akazitoa, akapokea.

"Umenianika, dada," mdogo wake alisema. "Umenianika kama nguo ya ndani kwenye kamba ya uani." Akakata simu.

Hawakuzungumza kwa miezi minane. Mjomba wao alipofariki, walikutana msibani na kila mmoja akakaa upande wake, hata wafiwa wengine wakaanza kunong'onezana.

Mwanzoni Mama Pindo alijitetea kwamba ni hadithi tu, na hadithi haina mwenyewe. Ilimchukua siku tatu kukiri.

"Kile kifungo nilikiweka makusudi," anasema. "Mtu mwingine yeyote asingekijua. Nilitaka akisome ajue nasema na nani. Nilikuwa nalipiza kisasi, polepole, sura kwa sura, na watu wakinipongeza."

Akaiondoa sura ile na kusimamisha riwaya. Wasomaji wakaja juu. Mmoja aliandika kwamba kama mwandishi amefariki waambiwe watoe rambirambi, na kama yu hai watoe hasira.

Ndugu hao walikuwa bado hawazungumzi pale mchapishaji mdogo alipompigia. Alikuwa amesoma sura zote zilizobaki kwenye blogu, na alitaka riwaya iliyokamilika. Kwa mwanamke aliyekata magazeti huku akiiba hadithi, huo haukuwa wito wa kupuuza. Bintiye alimhimiza akubali siku hiyo hiyo.

Mama Pindo hakukubali wala hakukataa. Aliimalizia riwaya kwa miezi miwili bila kuiweka popote, akaichapisha kwenye karatasi katika duka la vifaa vya ofisi, akaifunga kwa kitambaa cha sare kilichobaki. Kisha akapanda basi la asubuhi, mwendo wa saa nne, kwenda kwa mdogo wake.

Alimkuta nyuma ya jiko la shule, mbele ya gunia la viazi. Hakukumbatiwa. Alionyeshwa stuli. Akamwambia mdogo wake kwamba amekuja kumsomea yote, mwanzo hadi mwisho, na akisema isitoke, haitatoka. Mdogo wake aliendelea kumenya.

Usomaji ulichukua siku mbili. Wapishi wengine, kwa adabu, walihamishia kazi zao upande wa pili, ingawa mmoja alikuwa akirudi kila mara kufuata kisu. Walipofika sura ya ishirini na tisa, mdogo mtu aliomba irudiwe. Ikarudiwa. Akaweka kisu chini.

"Niligeuka," alisema. "Mara mbili. Wewe ndiye ulikuwa umeshafunga mlango."

Mama Pindo anasimulia hapo kwa taabu kuliko popote. Ni kweli alifunga mlango. Alihofia mtoto akiona mgongo wa mama yake unapotea atalia hadi azimie. Akafunga, akambembeleza, na kwa karibu miaka thelathini akaamini, na kuwaambia watu, kwamba mdogo wake hakugeuka.

"Sikuwa nimeangalia," anasema. "Nimemhukumu mtu kwa kitu ambacho sikukiona."

Kwa simu, mdogo wake anathibitisha hayo yote, kwa maneno machache. Anasema hakumsamehe dada yake siku ile, kama watu wanavyopenda kudhani. Siku ile alimpa chakula na mahali pa kulala. Kusamehe kulikuja baadaye, alipotumiwa sura iliyoandikwa upya, na mwanamke wa kwenye hadithi akageuka mara mbili akaukuta mlango umefungwa.

"Nilimwambia mabaya yangu ayaache humo, nimeyatenda," anasema. "Aondoe kile kifungo tu. Nilikitoa kwenye blauzi yangu ya shule nikamshonea mwanangu usiku wa kuamkia safari. Hicho ni changu, si cha wasomaji."

Kitabuni, sweta ni la njano na vifungo vyote ni vyeupe.

Mtoto mwenyewe sasa ana miaka thelathini na miwili na ni fundi wa kuchomelea. Aliulizwa na wanawake wote wawili kama ana kinyongo na kitabu hicho. Aliwajibu kwamba yeye na vitabu ni mbingu na ardhi, amefika ukurasa wa arobaini, na akifika mwisho watasikia.

Nakala elfu moja zilichapwa, na mia sita na kitu zimenunuliwa, nyingi humo humo katika chumba cha cherehani. Fedha zake hazijatosha kumfanya aache zipu. Wanawake huja kuchukua sketi ya mtoto, wakauliza bei ya kitabu, na wengine hurudi wiki inayofuata kumgombeza kwa yaliyompata mlezi.

Saa moja kasorobo mlango unatiwa kivuli. Mwalimu ameleta suruali iliyochanika gotini. Mama Pindo anaweka nukta, anazima simu, anaipokea suruali na kuigeuza ndani nje. Mwalimu anaambiwa aje kesho mchana, asije na maneno.

Huku akitafuta uzi wa rangi inayofaa, fundi anaeleza mpango wake. Anataka kumaliza riwaya ya pili kabla ya msimu wa sare. Ni ya mkatisha tiketi wa stendi ya mabasi ambaye hajawahi kusafiri. Amebuni kila kitu: hakuna ndugu humo, hakuna jirani, hakuna mteja. Mwezi uliopita alimpigia mdogo wake kumhakikishia hilo, ili moyo wake utulie.

Mdogo wake akamsikiliza mpaka akamaliza.

"Halafu akaniuliza, 'Kwa hiyo mimi simo kabisa?'" anasema Mama Pindo, akiukata uzi kwa meno. "Nikasikia kama ameumia. Nafikiri nitamtafutia nafasi. Hata kama ni abiria tu."