Hoya mbili za magazini ya Kampala: yangu ilioza, ya mukewenzangu ikatoa maua

Wakuu wangu, nawasalimia wote toka Bunia, mwenye kuamuka na mwenye kuwa kwa kazi.

Nilisoma mpaka ya tatu primaire tu, basi mutanivumilia kwa maandiko. Lakini majina sisahau, na hapa nitasema ile ilifanyika, hata pale inanipatisha haya.

Nianze na watu wenye walikuwa kwa barza siku ile mambo ilitoka inje. Tulikuwa watano.

Miye Marselina, bibi ya kwanza ya marehemu Atanazi.

Anastazia, bibi yake ya pili, mukewenzangu. Tunakaa parseli moja, kiwanja moja, mpaka leo, mulango yake inaangalia mulango yangu.

Furaha, binti ya mutoto wangu Paskali. Nilimulea miye toka akiwa na meno mbili. Sasa anafanya kazi ku Kampala.

Kolotilda, dada ya marehemu, alitoka Marabo na kuku mukononi.

Na jirani yetu Mama Rashidi, anauzisha makala, makaa ya kupikia, kwa mulango yake.

Basi.

Hii mambo ilianza mwaka uliopita. Furaha alikuja kutusalimia, akaleta karto moja. Ndani mulikuwa vyungu mbili vya plastiki, kila moja na fololo, mumea ya maua, yenye majani minene kama ngozi. Akasema jina yake ni hoya. Alizitoa mu magazini, duka moja kubwa ya kule, ile yenye milango ya vioo inajifungula yenyewe. Kuko kona wanaweka fololo zenye ziko karibu kufa, wanapunguza bei, na watu wanazipita tu.

"Nilizionea huruma," akasema. "Moja ya Koko Marselina, moja ya Koko Anastazia." Koko, ni kusema nyanya.

Nilifurahi? Nilisema aksanti. Lakini mu roho nikauliza: kwa nini mbili? Huyu mutoto nilimubeba mugongoni miye peke yangu. Anastazia alimubeba lini?

Tena nikahesabu. Yangu ilikuwa na majani tano. Ya Anastazia ilikuwa na saba.



Wakuu, hizi fololo zilikuwa na hali mbaya, nisiwadanganye. Majani ilijikunja kama mikono yangu. Udongo yao haikuwa udongo, ilikuwa kitu kama eponji, inashika maji wiki nzima. Na mu makwapa ya majani kulikuwa vidudu vyeupe, kama pamba imebandikwa.

Sasa musikilize kosa yangu, maana inaweza kuwa yenu.

Miye nilizaliwa upande wa Fataki, kwa watu wa ngombe. Kwetu kitu ikiwa gonjwa unaipa samadi. Ndizi, samadi. Maboga, samadi. Nikakata bido, dumu kubwa ya mafuta, nusu, sikutoboa hata tundu, nikajaza samadi ya ngombe mubichi na udongo mweusi, nikapanda hoya yangu katikati kama malkia. Maji asubuhi, maji magaribi.

Anastazia yeye alitoa yake mu chungu, akaosha mizizi, akakata yenye ilikuwa nyeusi. Akachukua kitambaa, akailowesha na lotoko, ile pombe kali ya mahindi, akapangusa vidudu jani kwa jani.

Nikamuambia, "Unapatia fololo pombe? Itaanza kuimba."

Akasema, "Ikiimba nitakuita ucheze, yaya."

Njo vile ananiitaka, yaya, ni kusema dada, maana miye ni mukubwa. Ndani kuko heshima, lakini kuko mwiba pia.

Akatafuta kopo ndogo ya tomate, akatoboa chini na musumari. Ndani akaweka vipande vya makala, muchanga ya muto yenye mawe mawe, na udongo kidogo sana. Akaitundika kwa dirisha ya jikoni yake, pale jua ya asubuhi inapita. Maji mara moja kwa wiki, wakati mwingine anasahau hata hiyo.

Nikacheka. Nikaambia Mama Rashidi, "Anastazia anafunga fololo njaa."

Kabla ya mwezi kwisha, yangu ilikuwa manjano. Nikaongeza samadi. Ikawa laini kama ndizi imeiva sana. Siku moja niligusa shina, ikabaki mukononi, na chini hakukuwa muzizi, kulikuwa harufu.

Nikatupa yote mu shimo ya takataka, nikafunika na majani ya ndizi. Furaha akipiga simu kuuliza, nikasema, "Inaendelea kidogo kidogo."

Ya Anastazia ikanyoosha majani. Ikatoa kamba ndefu bila jani, inatafuta tafuta hewani. Nikamushauri aikate, maana kwetu kamba ya viazi yenye haina kitu inakula nguvu bure.

"Acha itembee," akasema. "Iko inatafuta kwao."

Kisha, wakuu, ikatoa maua.

Sijui niwaelezee namna gani. Kulikuwa kifundo moja, na ndani nyota ndogo ndogo, labda makumi mbili, zimejipanga kama mutu alizishona na sindano. Rangi ya waridi, katikati nyekundu. Zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Jua ikishuka zinatoa harufu ya asali, inavuka parseli, inaingia mpaka mu nyumba yangu. Nilifunga dirisha, ikapita chini ya mulango.

Ile wiki wamama wote wa kanisa walikuja kuona. Wanapita mbele ya mulango yangu, "Mama Marselina, bonjour," miguu haisimami, wanaenda moja kwa moja kwa Anastazia. Mama Rashidi alileta hata kiti yake mwenyewe. Kwangu hajawahi kuleta kiti.

Hiyo yote ningeibeba.

Lakini Anastazia akapiga foto, akamutumia Furaha. Furaha akamupigia simu palepale. Nilikuwa ninasonga bugali kwa barza yangu, ninasikia kicheko ya mutoto wangu inatoka mu simu ya mwingine. Walisema mpaka bugali yangu ikashika sufuria. Nikaweka simu yangu kwa magoti, nikangojea zamu yangu.

Hakunipigia ile siku.

Mutu mwenye hajaona wivu ya uzee asiseme kitu hapa. Wivu ya bwana tuliimaliza zamani, miye na Anastazia. Alipokufa Atanazi tulilia kwa mukeka moja. Kumbe ile ilikuwa wivu ya kitoto tu. Hii ya mujukuu njo inauma mu mifupa.

Siku ya Mungu Anastazia alitangulia kanisani, anaimbaka mu kora ya wamama. Nikachukua kisu ya mboga. Nikaingia jikoni yake.

Maua ilikuwa imekwisha kuanguka, kulibaki kale kajiti maua ilitokaka. Nikakata hapo chini yake, na kipande cha kamba, na majani mbili. Jani moja lilikuwa na alama nyeusi ya duara, cheche ya makala ililirukia zamani.

Ikatoa maziwa, wakuu. Meupe, yananata mu vidole. Nilishituka kama nimekata kitu chenye kinanyonyesha.

Nikasikia mutu kwa njia, nikakimbia nyuma ya jikoni. Pale kuko kopo kubwa, kutu imeitoboa chini, tunatupaka makala ndogo ndogo zenye hazifai tena kupika. Nikasukuma kile kipande ndani, nikaenda kunawa, kisha nikaenda kanisani. Ndiyo, nilienda. Niliimba pia.

Anastazia kurudi, akaingia jikoni. Akatoka.

"Yaya, nani amekata fololo yangu?"

"Sijui. Labda mbuzi ya Mama Rashidi."

Akaangalia dirisha, kisha akaniangalia.

"Hiyo mbuzi iko mukubwa sana. Na iko na kisu."

Akarudi ndani. Hakuuliza tena, na miye nikasahau ile kopo kabisa. Mvua ilinyesha, jua iliwaka, hakuna mutu alitupa makala pale, maana tulikuwa tumehamisha mbabula, jiko ya makala, kwa barza.

Sasa tufike kwa ile siku.

Furaha alikuja, tukakaa wale watano nilisema. Kolotilda alikuwa anatoa manyoya ya kuku. Furaha akaenda nyuma kutafuta makala ya kuwashia moto. Alikawia. Tukasikia anapiga kelele:

"Koko! Koko Marselina! Yako imefufuka!"

Akatokea na ile kopo mikononi kama mutu anabeba mutoto wa ubatizo. Kile kipande nilikata kilikuwa kimesimama. Kimetoa majani mapya mbili, yanang'aa, na kamba ndogo inaanza kutembea.



"Nilifikiri ulinidanganya kwa simu," Furaha akasema. "Nilidhani imekufa. Nisamehe, koko." Akanikumbatia mbele ya wote.

Kolotilda akapiga makofi na manyoya mukononi. Mama Rashidi akasema, "Ee Marselina, kumbe ulikuwa unaficha ufundi!"

Anastazia akakaribia. Akainama. Akaweka kidole juu ya lile jani lenye alama ya cheche. Akazungusha kidole pale, polepole.

"Iko muzuri," akasema. "Ulifanya namna gani, yaya?"

Wote waliniangalia. Ningeweza kusema palepale.

Nikasema, "Ni mikono tu."

Furaha akapiga foto yangu na kopo, akaituma kwa kundi ya famille, ya jamaa yetu, mu simu. Paskali akajibu, mashangazi wakajibu, wote wananisifu. Chakula ilikuwa kuku na sombe, majani ya muhogo, miye nilikula kama ninakula karatasi. Furaha alikaa karibu yangu siku nzima, kichwa yake mu bega yangu. Kila nilichotaka nilikipata, na hakikuwa na chumvi.

Asubuhi nikabeba ile kopo mpaka kwa mulango ya Anastazia. Alikuwa anafagia.

"Chukua kitu yako," nikasema.

Akaendelea kufagia.

"Ile siku ya Mungu," akasema, "nilirudi njiani kuchukua kitambaa yangu ya kora. Niliona mugongo yako inakimbia nyuma ya jikoni. Ni miye nilikuwa mutu wa njia."

"Na jana hukusema?"

"Ningesema mbele ya mutoto, angekuona namna gani? Alilelewa na weye, hakulelewa na miye." Akaegemesha fagio kwa ukuta. "Lakini yaya, ile ya mbuzi ilinikasirisha. Mbuzi ya watu haikukosea kitu."

Nilitaka kucheka, machozi njo ikatoka.

Kisha akasema, "Furaha anaondoka saa ine. Saa ine haiko mbali."

Wakuu, niwaambie ukweli wangu wote. Pale niliposimama, nilimuonea wivu tena. Na hii ilikuwa kali kupita ya maua. Aliweza kunyamaza wiki nyingi vile, na miye sikuweza kuvumilia simu moja.

Nikaenda kwa Furaha. Alikuwa anafunga sakoshi yake. Nikamuambia yote: bido, samadi, shimo ya takataka, kisu, mbuzi. Nilitaka aseme, si kitu, koko. Hakusema.

Alikaa kwa kitanda, akauliza, "Koko, ulifikiri mapendo yangu ni chungu moja, mwingine akikunywa inakwisha?"

"Ndiyo," nikamujibu. Njo vile nilifikiri. Na siku zingine bado ninafikiri vile.

Akasema, "Kwa kundi ya famille utaandika weye mwenyewe." Nikaandika. Kwa vidole hizi, karibu saa nzima. Kolotilda njo alijibu wa kwanza: "Na kuku yangu mulikula juu ya uongo!"

Funzo kwa wenye wananunua hoya mu magazini kubwa: toeni ile eponji wanazipandia, osheni mizizi, kateni yenye imeoza. Chungu ndogo yenye tundu. Makala na muchanga nyingi, udongo kidogo. Maji ngoja ikauke. Samadi wachia maboga. Na kale kajiti maua ilianguka musikate hata siku moja, maana maua ingine inarudi kutoka palepale. Anastazia alingojea maua sana, kwa sababu ya kisu yangu.

Na ukiona ya mwenzako imechanua, omba kipande. Ningeomba, angenipa. Aliniambia vile, na ninajua ni kweli, na hiyo pia inaniuma.

Ile kopo alinirudishia. Sasa iko kwa dirisha yangu. Wiki hii imetoa kajiti ka kwanza. Ya Anastazia iko na tatu. Nimehesabu.

Wenye muko na hoya, niambieni yenu ilikawia muda gani mpaka maua.

Na kama Kolotilda ao Mama Rashidi wanasoma hapa, ao mutu mwingine anajua hii mambo, anisahihishe pale nimekosea. Labda majani ya Anastazia kwa kwanza ilikuwa sita, haikuwa saba. Labda ile siku kuku ilikuwa mbili. Uzee inachukua chukua.

Lakini ile asubuhi, wakati wa kuagana, Furaha alimukumbatia Anastazia kwanza, kisha miye. Hapo musinisahihishe. Nilikuwa nimesimama karibu.