Nusu Kijiko cha Dawa ya Dada

"Boss, kuna dawa yoyote mwili wako hukataa?" aliniuliza muuza dawa hapa Nakuru, huku akitikisa chupa ya dawa ya mtoto wa mteja mwingine. Harufu ya ndizi mbivu ilikuwa imenifikia. Nikamwonyesha chupa hiyo kwa kidole.

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Molo, dawa kama hiyo ilikuwa ya dada yangu mdogo, aliyeugua nimonia. Kijiko kimoja asubuhi, mchana na jioni, kwa siku saba. Alikinywa akiwa amepakatwa na mama kando ya jiko, amefunikwa blanketi langu.

"Hata si tamu," aliniambia, akilamba midomo.

Nikaanza kukohoa.

"Wewe unakohoa na mdomo tu," mama alisema. Lakini nilikohoa na kulia mpaka akachoka. Hakupenda mtoto yeyote aone mwenzake amependelewa. Akatugawia dawa kama alivyotugawia mayai: nusu kijiko kwa dada, nusu kwangu.

Ilikuwa tamu kweli. Kesho yake tumbo langu lilijaa vipele vyekundu vya kuwasha, nikavificha chini ya sweta ili nisinyimwe. Siku chache baadaye dada akaanza tena kuhema kwa shida, mbavu zikiingia ndani.

Mama alimbeba mgongoni kurudi dispensari, kwenye ukungu, akikaribia kukimbia. Nilifuata nyuma nikijikuna, nikitazama miguu ya dada ikining'inia ndani ya soksi zangu. Hata wakati huo nilitamani ningebebwa mimi.